Kwaya yetu imeombwa kuimba wimbo wa taifa wa Marekani, wazee wanataka Kiswahili. Inaruhusiwa?

MamaKwaya

Wapendwa habari za saa hizi. Naomba msaada wa mawazo, kichwa kinaniuma na siku zinaenda.

Naongoza kwaya ya watu wetu huku Marekani, tuko kama ishirini na mbili hivi, wengi ni Warundi na Wakongo waliopitia kambi za Tanzania, kwahiyo lugha inayotukusanya wote ni Kiswahili, maana Kirundi wengine hawajui, Kifaransa wengine hawajui, na Kiingereza kwa wazee ndo usiseme. Sasa mwaka huu wamama wa kamati ya mtaa wanaoandaa sherehe ya tarehe 4 Julai wametuomba tufungue sherehe kwa wimbo wa taifa, The Star-Spangled Banner. Tumefurahi sana jamani. Miaka yote tunaitwa kuimba nyimbo zetu na kucheza ngoma watu wapige picha, hii ni mara ya kwanza tunaombwa wimbo wa nchi yenyewe, na zaidi ya nusu ya kwaya sasa hivi ni raia.

Shida imeanza mazoezini. Vijana wanaujua kwa Kiingereza, wameusikia shuleni na kwenye mechi. Wazee wanafuata sauti tu, midomo inakwenda lakini macho yanaonyesha kabisa mtu hajui anasema nini. Yupo mzee wetu mmoja wa besi, ana miaka 74, alikimbia Burundi 1972 akiwa kijana, akakaa kambini Tanzania miaka 35, akaletwa huku 2007, na 2023 akapata uraia. Kwasababu ya umri wake na miaka aliyokaa na grini kadi alisamehewa mtihani wa Kiingereza, yale maswali ya historia na serikali akajibu kwa Kiswahili kupitia mkalimani. Na kwenye yale maswali 100 ya kujisomea ya wakati ule kulikuwa na moja lililouliza jina la wimbo wa taifa. Basi juzi akasimama katikati ya mazoezi akasema, "Maswali ya nchi hii niliulizwa kwa Kiswahili nikajibu kwa Kiswahili, na jina la huu wimbo nililikariri kwa Kiswahili, nikaapa, nikawa raia. Sasa kuuimba ndo Kiswahili hakifai?" Watu wote kimya.

Wazee wakamuunga mkono. Vijana wakaogopa, mmoja akasema mama watatuona tunadharau nchi, hasa miaka hii. Mimi nimebaki katikati.

Kwahiyo naomba kujua, kisheria inakubalika? Na je kuna mtu alishaona wimbo huu umeimbwa kwa lugha nyingine watu wakaupokea vizuri? Na mwenye ujuzi wa muziki aniambie kama hilo tuni linaweza kubeba maneno ya Kiswahili kweli, maana nilijaribu mwenyewe usiku mmoja nikaona maneno yanamwagika nje ya nota.

---

Kalamu_Nyeusi

Dada MamaKwaya hongera kwa kuitwa, hiyo heshima si ndogo.

Kuhusu sheria toa wasiwasi. Sheria ya shirikisho inayohusu wimbo huu, kifungu cha 301 kwenye juzuu ya 36, inataja wimbo wa taifa ni upi halafu inaeleza watu wakae vipi unapopigwa, kwamba usimame wima, uelekee bendera, mkono wa kulia uwe kifuani, mwanaume kama ana kofia aivue. Basi. Lugha ya kuimbia haijaguswa. Najua kuna mtu atakuja na amri ya rais ya tarehe 1 Machi 2025 iliyofanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani. Ni kweli ipo, na kabla ya hapo nchi haikuwa na lugha rasmi ngazi ya taifa, ila amri ile inaongea na idara za serikali na namna zinavyohudumia watu, na hata hizo idara haijazilazimisha kuacha huduma za lugha nyingine. Kwaya inayoimba kwenye sherehe ya mtaa haihusiki nayo.

Sasa hilo la "imeshawahi kufanyika", hapa ndo watu wengi hawajui. Maneno ya wimbo yaliandikwa na Francis Scott Key Septemba 1814 baada ya kuangalia meli za Waingereza zikiipiga mabomu ngome ya Fort McHenry pale Baltimore usiku kucha, kulipopambazuka akaona bendera bado iko juu. Lakini haukuwa wimbo wa taifa kisheria mpaka Machi 1931. Na Kijerumani ulishatafsiriwa 1861, wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe, kipindi ambacho wahamiaji wengi wa Kijerumani walikuwa wanapigana upande wa Muungano, yaani upande wa kaskazini. Yaani tafsiri ya wahamiaji imeutangulia uamuzi wa kuufanya wimbo wa taifa kwa miaka 70. Mwaka 1919 ofisi ya elimu ya serikali yenyewe ikatoa tafsiri ya Kihispania. Mwaka 1943 ikatoka ya Kiyidi.

Halafu 1945 wizara ya mambo ya nje ilitaka tafsiri ya Kihispania inayoimbika kweli kweli, wakati Marekani inajenga ujirani mwema na nchi za Amerika ya Kusini. Kazi ikapewa mama mmoja anaitwa Clotilde Arias, mzaliwa wa Peru aliyehamia New York 1923, mtunzi wa muziki. Tafsiri yake inaitwa El Pendón Estrellado. Ipo mpaka leo na inaimbwa. Juni 2025 msanii Nezza aliimba hiyo hiyo kwenye mechi ya besiboli uwanja wa Dodgers kule Los Angeles na ikazua mjadala mkubwa nchi nzima, wengi wanaobishana hawana habari kwamba aliyeagiza yale maneno ni serikali yao miaka 80 nyuma.

Ila kuna jambo moja usilipuuze. Ugomvi mkubwa ulikuwa 2006 ilipotoka Nuestro Himno, toleo jingine la Kihispania la wimbo huu, siku chache kabla ya maandamano makubwa ya wahamiaji ya tarehe 1 Mei. Rais Bush mwenyewe alisema wimbo wa taifa uimbwe kwa Kiingereza. Ile haikuwa tafsiri iliyonyooka, kuna sehemu walibadilisha maneno, kwahiyo hata watu ambao hawakuwa na neno na Kihispania walisema mmetuchukulia wimbo mkauandika upya. Ushauri wangu mkifanya Kiswahili basi yawe maneno yale yale ya Key, maana ile ile, msiongeze shida zetu wala shukrani zetu humo ndani, hata kama zinawawasha.

---

Baba_wa_Koplo

Mimi nitatofautiana na wenzangu na naomba msinielewe vibaya.

Mwanangu wa kwanza yuko jeshini hapa hapa Marekani. Nilipoenda kwenye sherehe yake ya kumaliza mafunzo tulisimama maelfu ya wazazi, Wafilipino, Wamexico, Wanigeria, sisi, watu wa mashambani ambao hata mtu mweusi pengine hawajawahi kukaa naye meza moja, tukaimba wote mara moja maneno yale yale. Sikiimbi vizuri Kiingereza na matamshi yangu yanajulikana kilomita nzima. Lakini ile dakika moja na nusu hakuna mtu aliyeniuliza natoka wapi. Nililia. Sasa kila jamii ikianza kuimba kwa lugha yake ile dakika inakufa, tutakuwa tunasikilizana badala ya kuimba pamoja.

Na msidhani nchi zote zinafurahia tafsiri. Ufilipino wimbo wao ulianza na maneno ya Kihispania, ukaja wa Kiingereza enzi za Wamarekani, sasa hivi sheria yao ya 1998 inataka uimbwe kwa Kifilipino tu. Singapore wengi wao ni Wachina na Kimalay hawakiongei nyumbani, lakini wimbo wa taifa wanauimba kwa Kimalay, tafsiri zipo za Kiingereza, Kichina na Kitamil ila ni za kukusaidia uelewe, siyo za kuimba. Huoni watu wa kule wakisema wimbo siyo wao.

Kwahiyo mimi ningemfundisha huyo mzee maana ya kila mstari kwa Kiswahili, akae nayo moyoni, halafu aimbe Kiingereza na wenzake. Mzee aliyevumilia kambi miaka 35 hashindwi mistari minane.

---

Venye_Iko

Nimesoma zote na Baba Koplo ako na point, lakini wacha niwaambie ya New Zealand juu hii story naipenda sana.

1999 Kombe la Dunia la raga, New Zealand wanacheza na Uingereza hapo uwanja wa Twickenham, wakamwita mwanamuziki Hinewehi Mohi aimbe wimbo wa taifa. Akauimba wote kwa Kimaori peke yake. Na si ati alitunga yeye, maneno ya Kimaori yalikuwa yametafsiriwa tangu 1878, miaka miwili tu baada ya tuni yenyewe kutungwa, yalikuwa yamekaa tu hapo hakuna mtu anayatumia kwa mechi. Kelele ilitokea huko nyumbani kwao! Watu wakapiga simu kwa redio wamekasirika vibaya. Sasa angalia leo, kila mechi wanaanza na Kimaori halafu wanaingia Kiingereza, bila kupumzika, na wazungu wa kule wanaimba Kimaori kwa nguvu kabisa. Ile hasira iliisha ikabaki wimbo.

Ireland nayo ni kinyume, wimbo wao ulitungwa kwa Kiingereza, ukatafsiriwa Kiairishi, na saa hizi ukiuimba na yale maneno ya Kiingereza ya mwanzo ndio watu watakushangaa. Canada nao walianza na Kifaransa 1880, maneno ya Kiingereza yale wanaimba yalikuja 1908, na hata si tafsiri, yanasema vitu tofauti kabisa. South Africa lugha tano kwa wimbo mmoja, na katikati tuni inabadilika na ki, yaani kimo cha sauti, inabadilika, na bado uwanja mzima unaenda nayo.

Na sisi Kenya si tuko na maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza, zote mbili ziko kwa katiba ya 2010, tuni yenyewe ikiwa imetoka kwa wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Shule tulikuwa tunaimba Kiswahili halafu Kiingereza na hakuna siku niliona ati imetugawanya. Baba Koplo hiyo dakika yako sijaona ni nani anaiua. Kwanini MamaKwaya asifanye kama New Zealand, zote mbili moja baada ya nyingine?

---

Goma_Hadi_Leo

Naongea kama Mkongomani. Mimi niliimba Debout Congolais, wimbo wetu wa taifa, kila asubuhi shuleni, kwa Kifaransa, mkono ubavuni, miaka ya mwanzo sikuwa nafahamu hata neno moja zaidi ya jina la nchi. Mama yangu ameimba ule wa 1960, ukaondolewa na Mobutu akaletewa La Zaïroise, ukarudishwa tena 1997, zote kwa Kifaransa, na mpaka anafariki Kifaransa hakijui. Nyimbo mbili za taifa, utawala baada ya utawala, na hakuna hata mmoja uliowahi kumsemesha yeye.

Kwahiyo Baba Koplo mi nakuheshimu sana na mwanao Mungu amlinde, lakini unaposema mzee akae na maana moyoni aimbe sauti mdomoni, wengi wetu ndo tumefanya hivyo maisha yote. Na Mrundi kinyume chake, wimbo wao Burundi Bwacu uko kwa Kirundi toka uhuru 1962. Huyo mzee alishajua ladha ya kuimba wimbo wa taifa kwa lugha anayoota nayo. Kambini miaka 35 hakuwa na wimbo. Sasa amepata nchi, anaomba ile ladha tena, naona hajaomba kitu kikubwa.

---

MamaKwaya

Jamani nimesoma hii ya Goma nimekaa kimya kidogo. Asante.

Baba Koplo shikamoo, na wala sijakuelewa vibaya. Hiyo dakika uliyoisema ndiyo naitaka pia, ndomana sitaki kuondoa Kiingereza kabisa. Nilichokuwa naogopa ni kwamba nikichanganya nitaharibu vyote viwili. Wazo la Venye la kuimba ubeti mmoja mara mbili naliona linaingia akilini. Ila bado hakuna aliyenijibu la muziki, na bila hilo hatuna kitu cha kuimba.

---

Mzee_wa_Solfa

Nimefundisha kwaya miaka mingi kwa do re mi, ngoja nijibu hili kwa kirefu kidogo maana ndo kazi yangu.

Kwanza mjue tuni hilo lilitoka wapi, ni la Uingereza, limetungwa na John Stafford Smith kwa ajili ya chama cha waungwana wapenda muziki London, na linataka sauti pana mno. Kutoka nota ya chini kabisa mpaka ya juu kabisa ni do hadi so ya oktava ya pili, yaani oktava moja na nusu, nyimbo nyingi za kusanyiko haziendi huko. Vitabu vingi vinaliandika kwenye B flat, juu unagonga F. Kwa wazee usithubutu. Shusha mpaka G, juu itakuwa D, besi wako watashuka mpaka G ya chini na watafurahi.

Sasa kwanini maneno yanamwagika. Siyo tu kwamba maneno yetu ni marefu. Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja, na mistari mingi ya wimbo huu inamalizia na silabi moja yenye mkazo juu ya nota ndefu. Ukiweka neno la Kiswahili pale, nota ndefu nzito inaangukia silabi ya mwisho ambayo haina mkazo, na msikilizaji anasikia "waonaaa", "uhuruuu", kama mtoto anayesoma darasani. Mstari wa pili na wa nne wenyewe hauna shida, pale hata Kiingereza kinamalizia na silabi nyepesi kama sisi.

Dawa yake: nota ya mwisho ndefu uikate mara mbili. Sehemu kubwa mpe silabi yenye mkazo, halafu kipande kidogo mwishoni kiteremshie ile silabi nyepesi, nota ile ile, kwa upole. Kwahiyo mstari wa kwanza ambao una nafasi sita unapata saba. Mwanzo wa tuni ni so mi do mi so do ya juu. Nimejaribu hivi:

*Je, nawe waona*

"Je" inashika so na mi, "na" inaangukia do ambapo ndo pigo zito lilipo, "we" mi, "wa" so, halafu "o-na" zote kwenye do ya juu, o ndefu na fupi. Imbeni muone. Inafuata mi re do mi fi (fa iliyopandishwa kidogo) so:

*alfajiri ikija*

"Ji" iko kwenye pigo zito, "ki" iko kwenye pigo zito, haina hata sehemu moja inayogombana. Nilikuwa nimeanza na "kulipopambazuka" maana inapendeza zaidi kwa maana lakini pigo zito linakuja kwenye "po" na inaumiza sikio.

Mwisho kabisa pale pa kupanda, nina hii:

*kwenye nchi ya uhuru, ndiko kwao jasiri*

"Nchi" muimbe kama silabi moja na muiburuze nota mbili. Na mjue "hu" ya uhuru inaangukia so ya juu kabisa. U ni irabu mbaya kule juu, mdomo unajifunga na sauti inabanwa. Nilifikiria kutafuta neno lenye a pale ili sopra, wale wa sauti ya juu, wafungue, nikaona hapana, pale penyewe kilele cha wimbo mzima kinasema huru, nikitoa hilo neno nimeuza wimbo kwa ajili ya koo. Wafundishe sopra waanze u ikiwa imeegemea o, wafungue taya, wasikilizaji watasikia u. Hilo ni zoezi la wiki mbili kila siku dakika tano.

---

Mizani_na_Vina

Mzee wa Solfa hapo umetoa kitu. Niongeze kidogo kwa upande wa shairi.

"Ndiko kwao jasiri", mtu wa sarufi atakwambia ilitakiwa majasiri. Mimi nasema iacheni. Washairi wetu miaka yote wamekata neno ili mizani ikae, na jasiri ikisimama peke yake kama sifa ya watu wote inaeleweka vizuri tu. Ukiweka "majasiri" inazidi silabi moja na itabidi uvunje pigo zito. "Mashujaa" ndo kabisa haiingii, na isitoshe shujaa kwetu ni mtu aliyekwishafanya jambo, jasiri ni yule asiyeogopa kabla hata hajalifanya, nadhani Key alimaanisha huyo wa pili.

Ninachopenda kwenye ubeti huu na nadhani wengi wanaupita ni kwamba ni swali. Ubeti wa kwanza wote, ule ambao huimbwa siku zote, unauliza kama bendera bado inapepea. Haujibu. Umalizie kama swali na nyie, msigeuze kuwa tamko. "Je" ya mwanzo imekaa vizuri kwasababu hiyo, ila mwishoni pia sauti isizame kama mnatoa taarifa. Watu walioishi kambini wakiuliza kila asubuhi kama nchi yao bado ipo wataelewa hilo swali kuliko wengi watakaokuwa wamesimama pale uwanjani.

---

Baba_wa_Koplo

Nimeuimba huo mstari wa kwanza jikoni. Mke wangu katoka chumbani akauliza ni wimbo gani huo wa kanisa, nikamwambia hebu sikiliza tuni, akanyamaza, akasema kumbe ndo inasema hivyo? Miaka kumi na tisa tuko nchi hii hajawahi kujua kwamba ni mtu anauliza kama bendera iko juu.

Bado nasimamia ile dakika ya pamoja. Kama ni zote mbili basi MamaKwaya naomba Kiingereza kije mwisho ili umati wote uingie, kwasababu mkianza na Kiingereza watu watakaa chini wakidhani imekwisha. Na kabla hamjaanza mtu mmoja atamke kwa Kiingereza, sentensi moja tu, kwamba mtasikia maneno yale yale kwa lugha ya wazee wetu. Mtu akijua ni maneno yale yale nusu ya hasira inatoka.

Ukihitaji mtu wa besi mimi niko saa tatu kwa gari kutoka jimbo la jirani, niambie tu.

---

MamaKwaya

Shikamoo tena Baba, na njoo, besi haitoshi kabisa!

Nimerudi kuwapa habari. Jana nimewapigia wamama wa kamati nikawaeleza kila kitu, nikawasomea na historia ya 1861 na ya yule mama wa Peru. Mwenyekiti wao alinyamaza kidogo halafu akauliza kama anaweza kupata maneno ya Kiswahili mapema ayaweke kwenye karatasi ya ratiba na maana yake pembeni. Mwingine hakufurahi, alisema waziwazi, na nikamshukuru kwa kusema, nimemkaribisha mazoezini Jumamosi na amesema atafikiria. Kwahiyo itakuwa ubeti mmoja Kiswahili, taratibu, bila ala, wazee mbele. Halafu vijana wanaingia Kiingereza na tarumbeta na umati mzima.

Mzee wetu nimempa mstari wa kwanza aanze peke yake. Karatasi ameikataa, amesema ameshaushika. Mazoezi ya jana usiku alisimama, akavua kofia, akaweka mkono kifuani ingawa bendera haikuwepo chumbani, akaanza "Je, nawe waona" na pale kwenye "ona" sauti ikamkatika, tukamsubiri, akarudia mwanzo. Wale vijana waliokuwa wanaogopa ndo wakawa wa kwanza kumfuata.

Sasa nimebakiza pale kwenye roketi, "the rockets' red glare", mng'ao mwekundu wa roketi. Nota mbili zote ziko so ya juu, zimefuatana, Kiingereza kina silabi mbili nzito kabisa pale na mimi kila ninachoweka kinaanguka. "Moto" ina o mbili nzuri ila mkazo uko ya kwanza tu, ya pili inabaki inaning'inia juu bila nguvu. "Mwanga" sopra wanaipenda kwa a zake lakini ni nzuri mno, kule Baltimore yalikuwa mabomu. Mwenye wazo alete kabla ya Jumamosi saa nane mchana, saa za huku.